Anakula sasa, mbona ngozi inapukutika?

BARUA

Habari za kazi, washauri wa safu hii.

Nauguza binti wa dada yangu mwenye miaka 17. Mwaka jana akiwa bweni alianza kuacha vyakula kimoja kimoja: kwanza chipsi na maandazi, kisha nyama, mwisho chochote kilichoguswa na mafuta. Shule ilipotuita alikuwa anaanguka paredi. Alilazwa, madaktari wakasema ni anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, na tangu aruhusiwe miezi mitatu iliyopita yuko kwangu.

Namshukuru Mungu, anakula. Ugali, wali, viazi, maharage, mchicha, matunda, maziwa yaliyoondolewa mafuta. Lakini vyote chukuchuku. Ana sufuria yake na mwiko wake, havigusani na vya kwetu. Uzito ulipanda, sasa umesimama. Linalonichanganya ni ngozi. Alipokuwa amekonda kupita kiasi ilikuwa kavu tu. Sasa ndiyo inabanduka magamba miguuni na mikononi, pembeni mwa pua pana ukurutu, kidonda cha kiatu kisiginoni hakifungi, na kitana kinajaa nywele.

Muuza duka la dawa kaniambia amepungukiwa omega-3, akaniuzia vidonge vya mafuta ya samaki vya miligramu 1,000. Jirani anasema nimpake mafuta ya nazi. Na vipimo alivyotoka navyo hospitali vilionyesha kolesteroli iko juu, basi kila nikishika chupa ya mafuta ananiambia, "Mama mdogo, hata cheti kinasema nina mafuta mengi." Sina jibu. Vidonge vinatosha? Kuna kipimo? Kama ni mafuta, yapi, kiasi gani, na nampaje bila ugomvi?

Mama mdogo, Morogoro

(Tumeondoa namba za uzito zilizokuwamo kwenye barua. Baadhi ya wasomaji wetu wana ugonjwa huuhuu, na namba za namna hiyo hugeuka mashindano.)

JIBU

Mama mdogo, pole kwa kuuguza. Jambo kubwa umeshaliona mwenyewe: ngozi imeharibika zaidi baada ya binti kuanza kula. Wengi wangedhani chakula kimemkataa, na yeye mwenyewe huenda ndivyo anavyofikiri. Kinachotokea ni kwamba amerudishiwa chakula chote isipokuwa mafuta, na kwa ngozi hali hiyo inaweza kuwa mbaya kuliko njaa yenyewe.

Mwili unaweza kutengeneza mafuta ya aina nyingi kutokana na wanga. Ziko asidi mbili za mafuta ambazo hauziwezi kabisa, ni lazima ziliwe: asidi ya linoleiki, ya jamii ya omega-6, na asidi ya alfa-linoleniki, ya jamii ya omega-3. Jambo hili lilianza kujulikana mwaka 1929, pale George na Mildred Burr wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipowalisha panya chakula kisicho na mafuta hata chembe. Panya walidumaa, ngozi na mikia yao ikaota magamba. Kwa binadamu linoleiki ndiyo inayoingia kwenye tabaka la juu la ngozi na kuzuia maji yasivuje. Ikikosekana, maji hupotea, ngozi hukimbilia kuzalisha seli nyingi zisizokomaa, nazo hubanduka. Vidonda huchelewa kufunga.

Sasa, kwa nini si wakati ule alipokuwa amekonda? Akiwa na njaa, mwili ulikuwa unayeyusha akiba yake ya mafuta, na ndani ya akiba hiyo linoleiki imo. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa inatoka. Ulipoanza kumpa ugali, wali na viazi, insulini ilipanda, na kazi mojawapo ya insulini ni kufunga ghala hilo. Kwa hiyo linoleiki haitoki akibani, haiingii kwa mdomo, na wakati huohuo mwili unajenga upya misuli, damu na ngozi, yaani mahitaji yamepanda. Mwaka 1975 nchini Marekani watafiti waliwapa wanaume wenye afya njema chakula cha sukari na protini bila mafuta kabisa, na damu yao ilionyesha upungufu ndani ya wiki 2. Wao waliingia wamejaa. Binti yako aliingia akiwa hana kitu, na maharage na mboga zake zina linoleiki kidogo tu.

Hatuwezi kuithibitisha ngozi kwa barua, na kuna mambo mengine yanayofanana na hili. Ukurutu pembeni mwa pua na midomo huletwa pia na upungufu wa zinki au vitamini B2. Zinki ina uzito wa pekee hapa, kwa sababu vimeng'enya vinavyoigeuza linoleiki kuwa asidi nyingine ambazo mwili unazitumia vinaihitaji. Unaweza kumpa mafuta ya kutosha na bado yasifanye kazi yake vizuri kwa kukosa zinki. Ugali na maharage vina zinki, ila vina pia fitati inayoizuia isifyonzwe, na nyama ameshaiacha. Mwombe daktari alitazame hilo. Katika jaribio moja la wagonjwa wa anoreksia kilitumika kipimo cha kama miligramu 14 za zinki kwa siku, na waliopewa waliongezeka uzito haraka zaidi. Usijinunulie vidonge ukaendelea navyo miezi na miezi, maana zinki ikizidi hupunguza madini ya shaba mwilini.

Liko jingine ambalo halisubiri miadi. Magamba yakiwa meusi, yanafanana kushoto na kulia, yamekaa shingoni kama mkufu na mikononi palipopigwa na jua, akawa anaharisha au amechanganyikiwa, hiyo ni pelagra, upungufu wa niasini (vitamini B3). Mpeleke siku hiyohiyo.

Nywele ni habari tofauti kidogo. Nywele hung'oka kwa wingi miezi 2 hadi 3 baada ya mwili kupata mshtuko, na kupungua uzito ghafla ni mshtuko. Nywele zinazojaa kitanani leo huenda zilikufa wakati yuko wodini. Mwambie hivyo waziwazi, kwa sababu wagonjwa wengi huziona zikidondoka wakati wa kupona wakaamini chakula ndicho kinachozing'oa. Angalia pia damu na madini ya chuma.

Tuje kwenye vidonge. Geuza chupa usome nyuma. Kidonge cha kawaida cha miligramu 1,000 ni miligramu 1,000 za mafuta ya samaki, lakini omega-3 yenyewe ndani yake, zile EPA na DHA, huwa kama miligramu 300 tu. Si mbaya; watu wazima hushauriwa kupata kama miligramu 250 kwa siku. Tatizo ni kwamba linoleiki ndani yake ni kama haimo, na kinachoibandua ngozi ni ukosefu wa linoleiki. Muuza duka amekupa dawa ya upungufu mwingine. Kuongeza dozi hakusaidii: omega-3 na omega-6 hugombea vimeng'enya vilevile, na mtu aliyekosa zote akijazwa moja tu, ile nyingine husukumwa pembeni zaidi. Majaribio ya kutumia mafuta ya samaki kama tiba ya anoreksia yenyewe yamekuwa madogo, na hayajaonyesha faida ya wazi kwa uzito wala kwa hofu. Endelea kumpa kimoja kwa siku pamoja na chakula mpaka chupa iishe, usinunue nyingine. Kama anajitapisha baada ya kula, vidonge hivyo havikai tumboni hata hivyo, na hilo la kujitapisha ndilo la kumwambia daktari kwanza.

Mafuta ya nazi ya jirani hulainisha ngozi, paka tu. Ila linoleiki ndani yake ni kama asilimia 2. Ukitaka kupaka kitu chenye maana zaidi, paka mafuta ya alizeti baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu. Linoleiki kidogo hupenya. Hata hivyo anapaswa kuyala.

Yapi basi? Morogoro mmekaa pazuri, alizeti ya Dodoma na Singida inawapitia barabarani. Mafuta ya alizeti ya kawaida yana linoleiki kama asilimia 60. Kijiko kimoja cha chakula, gramu 14 hivi, kinampa gramu 8. Msichana wa umri wake anahitaji kama gramu 11 za linoleiki kwa siku na gramu 1.1 za alfa-linoleniki. Ongeza kiganja cha karanga, gramu 30, ambazo zina linoleiki gramu 4 na kitu, na linoleiki ya siku imetimia. Mafuta ya soya yana faida yake: linoleiki karibu nusu, na juu yake alfa-linoleniki kama asilimia 7, kwa hiyo kijiko kimoja kinakaribia kutimiza ya siku nzima. Ufuta na mbegu za maboga ni nzuri vilevile. Mawese yana linoleiki kama asilimia 10. Ingekubidi vijiko 5 au 6 kupata ya kijiko kimoja cha alizeti. Samli, siagi na tui la nazi ziko chini zaidi. Hatusemi asile mchuzi wa nazi, aule, anahitaji nguvu, ila usiuhesabu kuwa umetibu ngozi.

Kuwa makini na chupa iliyoandikwa tu mafuta ya mimea. Mara nyingi ni mawese yaliyosafishwa. Asubuhi ya baridi yakianza kuganda, ujue si alizeti tupu. Kuna pia alizeti ya aina yenye oleiki nyingi (asidi nyingine ya mafuta), lebo husema hivyo. Hiyo ni nzuri kwa kukaangia lakini linoleiki yake imepunguzwa sana. Na mafuta yenye linoleiki nyingi huharibika kwa mwanga na joto: yale yanayoanikwa juani kando ya barabara kwenye chupa nyeupe, yakinuka kama rangi ya mbao, yaache. Nunua chupa ndogo, iweke kabatini, usirudie mafuta uliyokwisha kukaangia.

Kwa omega-3, kijiko cha chakula cha mbegu za chia kwenye uji au mtindi kina alfa-linoleniki inayozidi mahitaji ya siku. Mbegu za kitani pia, lakini zisage kwanza. Nzima hupita tumboni zikatoka kama zilivyoingia, na hapo umelisha choo. Mwili hugeuza alfa-linoleniki kidogo sana kuwa DHA, kwa hiyo samaki wana nafasi yao mara 2 au 3 kwa wiki: dagaa, vibua, sardini za kopo. Sato ni protini nzuri, omega-3 yake ndogo.

Hesabu hii ni ya kuondoa upungufu tu. Uzito uliosimama unasema kwamba chakula chote kwa jumla hakitoshi, na mpango wa kurudisha uzito huwa na mafuta mara kadhaa ya haya. Mtaalamu wa lishe wa hospitali ndiye wa kupanga kiasi. Ila usione mafuta ni kama dawa ya ngozi iliyoongezwa pembeni ya chakula. Tumbo la mtu aliyekaa na njaa humwaga chakula polepole, anashiba haraka na kuvimbiwa, na mafuta ndiyo chakula chenye nguvu nyingi kwa ujazo mdogo. Mlima wa ugali chukuchuku unamtesa bila kumjenga.

Sasa cheti. Kolesteroli hupanda mara nyingi kwenye anoreksia, hata kwa mtu asiyegusa mafuta. Njaa hushusha homoni ya tezi la shingo na kupunguza kasi ya ini kuondoa kolesteroli kwenye damu, na lishe ikirudi kwa kawaida hushuka yenyewe. Si sababu ya kupunguza mafuta, wala ya kuanzishiwa dawa. Tena mafuta yenye linoleiki nyingi, kama alizeti, yakichukua nafasi ya mafuta yanayoganda, hushusha kolesteroli mbaya. Jibu la kumpa ni fupi: "Imepanda kwa sababu ulikuwa na njaa. Itashuka ukila." Mwombe daktari amwambie hivyo yeye mwenyewe mbele yako, kwa sababu cheti kina muhuri na wewe huna.

Kuhusu ugomvi, tutasema bila kuzunguka: sufuria ya pili ndiyo inayoulea ugonjwa. Kila siku inayopikiwa, nyumba nzima inakubali kwamba mafuta ni sumu kwake. Tiba ya familia, ambayo ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi kwa umri huu, huwapa walezi mamlaka ya kuamua nini kinawekwa sahanini, mpaka mgonjwa aweze kuamua mwenyewe. Mwambie mapema, si mezani: kuanzia Jumatatu tunakula chungu kimoja. Pima mafuta yake kwa kijiko, usimimine kwa jicho, kwa sababu ukikadiria utapunguza kwa kumwonea huruma. Anza na kijiko cha chai kwenye sahani yake kila mlo mkuu, siku 3 au 4, kisha viwili, kisha kijiko cha chakula. Karanga zilizosagwa kwenye mchicha, siagi ya karanga kwenye viazi vitamu, kijiko cha mafuta kwenye maharage baada ya kuiva. Maziwa yawe yenye mafuta yake.

Usimfiche. Kumwagia kwenye uji akiwa hatazami kunaweza kufaulu mara moja, na siku atakapoona duara za mafuta juu ya chai atakoma kuamini hata maji yako. Lakini usijadiliane naye pia. Mezani haihesabiwi, haibishaniwi, haibembelezwi kwa ahadi. Sema "najua inakutisha, hiki ndicho chakula cha leo," kaa naye mpaka amalize, kaa naye nusu saa hadi saa nzima baadaye, choo kisubiri. Atalia, anaweza kukutukana; hofu hiyo ni ya kweli kwake. Akigoma mlo, mlo unaofuata unakuja kwa saa yake bila adhabu wala hotuba. Na watu wa nyumbani waache kabisa kumwambia "umenenepa, umependeza."

Inafaa kuvumilia. Utafiti wa New York uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia wagonjwa wa anoreksia waliokwisha kurudisha uzito. Waliokuwa wakila vyakula vyenye nguvu nyingi na vya aina nyingi waliendelea vizuri kuliko waliobaki na vyakula vyepesi vilevile kila siku, ingawa wote walikuwa wametoka hospitali wakiwa na uzito unaokubalika.

Kipimo kipo. Maabara hupima asidi za mafuta kwenye damu na kutafuta asidi ya Mead, ambayo mwili huitengeneza kama mbadala linoleiki inapokosekana. Uwiano wake na asidi ya arakidoniki, ambayo mwili huitengeneza kutokana na linoleiki, ukizidi 0.2 huchukuliwa kuwa ni upungufu. Lakini si kipimo cha kawaida hospitalini, ni ghali, na kwa anoreksia majibu yake hutatanisha. Ralph Holman na wenzake waliona upungufu kwa wagonjwa wao mwaka 1995, wengine baada yao wameona viwango vya kawaida au hata vya juu kwa baadhi ya asidi, kwa kuwa inategemea mgonjwa yuko kwenye njaa au anarudishiwa chakula, na anarudishiwa chakula gani. Kwa binti asiyekula mafuta kwa miezi, mwenye magamba na kidonda kisichofunga, kijiko cha alizeti ndicho kipimo: ngozi ikianza kutulia ndani ya wiki 3 hadi 6, umepata jibu. Isipotulia, tafuteni zinki na mengine tuliyotaja. Nywele zipe miezi.

Fedha ya kipimo hicho itumie kumrudisha kliniki wiki hii, kwa ajili ya uzito uliosimama. Omba apimwe potasiamu, fosfeti, magnesiamu, sukari, wingi wa damu na mapigo ya moyo kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Mapigo yakiwa chini ya 50 kwa dakika akiwa ametulia, aonwe siku hiyohiyo. Chini ya 40 ni dharura. Dharura pia ni kuzimia, kifua kuuma, au kushindwa kunyanyuka kutoka kuchuchumaa bila kujishika. Na ikitokea akagoma kula kabisa kwa siku 5 au zaidi, usimwanzishe tena mwenyewe kwa sahani kubwa nyumbani, hata kama ameomba: chakula kikirudi ghafla, fosfeti na potasiamu hushuka na moyo unaweza kusimama. Hapo chakula cha kwanza aanzie hospitali.